Kisu Ulichoniomba na Nyama ya Idi

Mwaitu,

Salamu tulishapeana asubuhi, na hata sasa nakusikia hapo nje ukibishana na mama yako juu ya sabuni, kwa hiyo habari za afya yangu unazo. Nakuita Mwaitu kama siku zote, mama yangu, kwa kuwa jina lake ndilo ulilopewa. Leo ningependa sana awe ni yeye ninayemwandikia. Mama hukukaripia yakaisha. Mtoto wako mwenyewe hujui atakutazama vipi baadaye.

Nimeshika kalamu mara tatu nikaiacha. Nimetoka nikaenda kuangalia mbuzi ambaye hana shida yoyote, nikarudi. Mama yako ameniuliza kama tumbo linaniuma. Nimemwambia ndiyo.

Mambo ya sweta, ya baridi ya Nakuru, ya kutozungumza na watu usiowajua kwenye gari la moshi, yote mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho hapo stesheni. Mimi nina jambo moja tu. Juzi uliniomba kisu changu, nikakwambia subiri. Ukanuna. Ukadhani baba amezeeka na sasa amekuwa mchoyo. Si uchoyo. Kisu hicho kiliwahi kufanya kitu kibaya mkononi mwangu, na aliyetendewa ni mzee Athumani, yuleyule ambaye kesho jioni atakupokea nyumbani kwake Nakuru. Yeye hajui. Mama yako hajui pia, ndiyo maana nimeandika Kiswahili, asichokisoma. Akijua mzee Athumani, huenda akafunga mlango wake, na wewe umeambiwa wazi na hospitali kwamba mabweni hayajakwisha kujengwa na msichana asiye na mahali pa kulala asije Jumatatu. Basi jambo langu linaweza kukugharimu nafasi ya mafunzo ya uuguzi ambayo umeitafuta kwa jasho. Nimelikalia kimya miaka tisa, na leo siwezi tena.

Wacha nianze na kisu, maana hapo ulimi wangu ni mwepesi.

Kilitengenezwa Kangundo na mhunzi aliyekuwa na jicho moja, kwa chuma cha springi ya lori. Mpini ni pembe ya kuro. Nilikaa naye siku mbili nikimwambia ondoa hapa, ondoa pale, mpaka akaniuliza kama ninaoa au ninanunua kisu. Alikifanya kifupi kuliko nilivyotaka, na alikuwa na haki. Kisu kirefu ni cha mtu anayetaka kuonekana. Anayechuna kweli anataka kifupi, kipana kidogo kwenye tumbo la makali, ncha isiyo kali mno. Unakumbuka nilivyokuonyesha: ukifungua tumbo la mnyama, makali yatazame juu, vidole viwili vitangulie chini ya ngozi, ncha ikae katikati ya vidole, usije ukatoboa utumbo ukaharibu nyama ya watu hamsini. Na ngozi haichunwi kwa kisu. Kisu kinaifungulia njia tu, kazi yenyewe hufanywa na ngumi.

Watu wa kule mashamba ya mkonge walinicheka nilipoanza kukuchukua kwenye lori. Msichana wa miaka kumi na miwili mawindoni. Walisema Mutua amekosa mtoto wa kiume akili zikamruka. Nawe siku ya kwanza, kongoni alipofunguliwa, ukatapika ndani ya kofia yangu. Ndani kabisa, Mwaitu, hukukosea hata kidogo. Lakini mwezi wa tatu ulimchuna kongoni peke yako kutoka kwato mpaka shingo na hakukuwa na tundu hata moja kwenye ngozi. Nikaigeuza ngozi juani nikitafuta mahali pa kukukosoa, nikakosa. Sikukusifu. Nilisema, "Umechelewa." Hilo nalo ni kosa langu, ila leo silo ninaloandikia.

Sasa sikiliza. Unayajua maisha ya kule Thika, lakini ulikuwa mdogo kuelewa yalivyopangwa. Shamba lilikuwa na vibarua zaidi ya mia tatu, na bwana mwenye shamba aliona ni nafuu kuwapa nyama ya porini pamoja na posho. Kila Jumamosi tulikwenda na lori nyika ya Juja, au mpaka chini ya Kilimambogo. Ruhusa yake ilikuwa mnyama mmoja mkubwa kwa wiki, basi. Bwana alipiga risasi. Mimi nilichuna. Athumani aliendesha lori, na Athumani ndiye aliyechinja.

Kuchinja si kuchuna. Katika laini zetu za nyumba za vibarua kulikuwa na nyumba saba za Waislamu, na wao hawali kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Risasi ikimwangusha lazima akutwe bado yu hai, Mwislamu amwelekeze kibla, ataje jina la Mungu, apitishe kisu kikali shingoni. Kisu kikali, si butu, kwa sababu butu humtesa mnyama na wao hilo wamekatazwa. Kwa hiyo Athumani alitumia changu. Chake alisema kinafaa kitunguu. Mnyama akianguka, mimi niliye mbele na bwana napiga mluzi, Athumani anakuja mbio, nampa kisu, anachinja, ananirudishia, naendelea. Sisi Wakristo tulikula, wao walikula, hakuna aliyebaki akinusa sufuria ya jirani. Miaka mitano tulifanya hivyo na mluzi wangu haukuwahi kuchelewa.

Ilikuwa Jumamosi, na Idi ilikuwa inaingia Jumapili au Jumatatu, kwa jinsi mwezi utakavyoandama. Wenzetu wamefunga mwezi mzima. Usiku wa Ijumaa nilikuwa nimekunywa. Ndiyo, mimi, mzee wa kanisa wa leo. Kulikuwa na pombe ya asali kwa jamaa mmoja, nikaketi hapo nikajitapa mbele ya watu kwamba kesho nyama ya Idi itatoka mkononi mwangu, Bi Zena, mkewe Athumani, aweke maji ya pilau motoni bila wasiwasi. Kisha, kuonyesha makali ya kisu changu, nikakata nacho waya wa uzio. Wakapiga makofi. Asubuhi niliamka kichwa kikigonga, nikachomeka kisu kwenye ala bila kukitazama.

Wewe unanijua. Mimi hukinoa kisu kabla ya kunywa chai. Siku ile sikukinoa.

Lori lilikwama kwenye korongo. Athumani akabaki kulitoa pamoja na vibarua, bwana na mimi tukaendelea kwa miguu. Tukamkuta pofu dume, yule swala mkubwa mwenye shingo inayoning'inia, peke yake kando ya miiba. Bwana akapiga. Akaanguka kwa magoti, kisha kwa ubavu. Yuko hai, anapumua kwa nguvu, jicho linanitazama. Bwana akawasha kiko chake akaenda kukaa kivulini, kwake kazi ilikwisha.

Kazi yangu ilikuwa moja: mluzi. Lakini mkono ulitangulia kwenye kisu, na nilipokichomoa nikaona makali yana pengo, palepale kwenye tumbo lake, mahali pa kuchinjia. Nikaona aibu. Athumani atakuja atakishika, atapitisha kidole gumba kama afanyavyo, na atanitazama. Nikasema, dakika moja tu. Nikatoa kinoo mfukoni nikaketi chini nikaanza kunoa, na pofu anapumua pembeni yangu. Sikupiga mluzi. Nilitaka kwanza nisiwe na aibu.

Pengo la waya haliishi kwa dakika moja, Mwaitu, hilo hata wewe unalijua. Nilipoinua kichwa pumzi ilikuwa imekatika. Nikaweka kiganja kwenye pua yake. Hakuna. Nikagusa jicho kwa ncha ya jani. Halikupepesa. Ndipo nikapiga mluzi.

Athumani alikuja mbio, kanzu yake ya kazini imejaa tope, mtu ambaye hajanywa maji tangu alfajiri. Nilimwona akiwa mbali, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kupanga neno la kweli. Athumani, nimechelewa, amekufa. Maneno matatu. Bwana asingepiga mwingine, ruhusa ilikuwa mmoja. Nyumba saba zingekula maharagwe siku ya Idi, na watu wa pombe wangeulizana, Mutua yuko wapi na mdomo wake?

Wewe umechuna wanyama, utaelewa upesi. Mnyama aliyekata roho sasa hivi, nyama yake bado haijajua. Ukimdunga nyuma ya paja, kwenye ule mshipa mnene, mguu unaruka. Niliketi nyuma ya pofu, mgongo wangu ukimficha, na Athumani alipofika hatua kumi nikaingiza ncha ya kisu. Mguu ukaruka. Nikapiga kelele, "Yu hai, haraka!" nikamtupia kisu hichohicho.

Akakamata shingo, akaigeuza, akataja jina la Mungu, akakata. Damu ilitoka. Haikuruka. Ilitoka polepole, nzito. Athumani aliitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mutua, umemwona akipumua?"

"Nimemwona."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Athumani."

Akafuta kisu kwenye majani, pande zote mbili, akanirudishia. "Haya," akasema. "Neno lako linanitosha."

Nimesimama kidogo hapa. Mama yako ameingia kuchukua ndoo, akanikuta nimeshika kalamu hewani. Ameniambia kama ni barua ya kumuaga mtoto nisiandike kitabu, mtoto ana safari. Ametoka.

Idi ilikuwa Jumapili. Unaikumbuka, najua, kwa sababu ulinisimulia mwenyewe mwaka juzi ukicheka: Bi Zena alivyokupaka hina viganjani, ukala sahani mbili za pilau, na ukamwuliza mwalimu wa Jumapili kwa nini sisi hatuna Idi. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni kwa Athumani kama mgeni wa heshima. Alinichagulia kipande cha ubavu kwa mkono wake. Watoto wao wanakula, wazee wao wanakula, watu waliofunga siku thelathini kwa uaminifu, na mimi peke yangu ndani ya boma lile nilijua kwamba nimewalisha kibudu. Nilikula. Nilimaliza.

Miaka mingi nimejiambia kwamba niliwahurumia, kwamba dhambi kama ipo ni yangu na wao hawana hatia. Hiyo ya pili labda ni kweli, sijui dini yao. Ile ya kwanza ni uongo. Sikumhurumia mtu. Niliogopa kuchekwa na walevi. Ukitaka kujua baba yako ni mtu wa aina gani, ni huyo: anaweza kubeba paja la pofu begani maili nne, lakini aibu ndogo kama punje ya mtama inamshinda.

Ningeishi nayo hata hivyo, watu huishi na mengi. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Unakumbuka vizuizi vya barabarani, na jirani zetu Wakikuyu waliopakiwa kwenye malori, na wengine hatujawaona mpaka leo. Sisi Wakamba tulidhani kipande chetu cha kitambulisho kinatosha. Siku moja nilitoka kuchuna punda milia nikiwa peke yangu kwa miguu, damu kwenye suruali, kisu kwenye ala, nikaingia mikononi mwa askari njiani kuja Ruiru. Walichomoa kisu. Wakanilaza kifudifudi. Mmoja aliniuliza damu ya nani, nikasema ya punda milia, akanikanyaga shingoni akaniambia nijaribu tena. Nilisema hivyohivyo mara tano. Ukweli wangu siku ile haukuwa na thamani yoyote.

Athumani alipita na lori. Angeweza kupita tu, wengi walipita, na sikuwalaumu. Alisimama. Alishuka akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wao, kofia mkononi, nikamsikia akisema, "Afande, huyu namjua miaka kumi. Huyu hasemi uongo. Akikwambia ni damu ya mnyama, ni ya mnyama. Niandike jina langu hapo, akionekana mwongo nikamate mimi."

Wakaandika jina lake. Wakaniachia, wakanirudishia na kisu. Ndani ya lori nililia mpaka Ruiru na yeye alidhani ni hofu. Alinipigapiga goti akaniambia, "Pole, ndugu yangu, imekwisha." Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie. Nikasema asante.

Wiki ile niliacha kazi ya porini nikaja hapa kwenye kahawa. Uliniuliza sababu, nikakwambia wanyama wamepungua. Wamepungua kweli, lakini si sababu.

Sasa nisikilize kuhusu barua ya mzee Athumani. Jana uliniuliza iko wapi uiweke sandukuni. Ilikuwepo. Niliiandika wiki iliyopita, nikaeleza haya yote, nikaifunga kwa gundi, na nilikuwa nimepanga wewe uipeleke bila kujua kilichomo. Ungeketi kwake, Bi Zena anakuwekea chakula, naye anaifungua mbele yako na wewe unatabasamu. Uliponiuliza ndipo nilipoona ninachokifanya. Nakupa mikononi kitu usichokijua ili kikutokee wewe, mimi niko mbali Ruiru nimejificha nyuma yako kama nilivyojificha nyuma ya pofu. Nimeichoma asubuhi jikoni.

Nimewaza pia kunyamaza. Ungekaa kwao, ungemaliza mafunzo yako, mzee angekufa siku moja bila kujua. Nani angeumia? Lakini ameniandikia. Anasema Bi Zena amenunua kitanda, na kwamba watu wamemwuliza kama hamwogopi msichana wa watu nyumbani, naye amewajibu kuwa huyu ni mtoto wa Mutua, na kwa Mutua hana swali. Mwaitu, watakuamini kwa sababu yangu. Utaanza maisha yako juu ya neno langu, na mimi ninajua neno langu limesimama juu ya nini.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa ya siku tatu kwa nyapara, na jana nimekata tiketi. Kesho sitabaki stesheni na mama yako. Napanda nawe. Najua nimeamua bila kukuuliza, na nafasi ni yako si yangu, na pengine usiku wa kesho tutalala kwenye benchi la stesheni ya Nakuru sote wawili na Jumatatu usiwe na pa kwenda. Ukikasirika una haki. Niambie usoni, usinunie sahani. Ukisema nisubiri mpaka mabweni yaishe, nitakusikiliza, ila sikuahidi kukubali, kwa sababu nimeshasubiri Idi tisa.

Kisu kimo sandukuni mwako tayari, chini, ndani ya gunia. Nilikuwa nataka tu ujue unachokipokea. Nimekinoa, na kina kazi nyingi ndani yake bado.

Jambo moja nakuomba, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kusema. Mimi ni mwoga, umeshaona. Tukifika nitasalimia vizuri. Nitaulizia watoto, nitasifu nyumba, nitaulizia bei ya mahindi ya Nakuru. Kisha Bi Zena ataleta chakula, Athumani atanichagulia kipande kwa mkono wake, na mimi nitakipokea, najijua. Usiniache nikipokee. Kabla sijaosha mikono, wewe uniulize mbele yao, kwa Kiswahili, kwa sauti: Baba, yule pofu wa Idi alikuwa hai?

Baba yako,
Mutua